Wakampa Kibao, Akaandika

NENO LA MWEZI
Somo: Luka 1:57-66. Someni pia Kutoka 4:10-16, Marko 10:46-52, Yohana 9:1-3 na Warumi 10:8-10.



Nawasalimu wote wa hapa Nakivale, ninyi mnaolisoma gazeti hili wenyewe na ninyi mnaosomewa na watoto wenu. Namshukuru Mungu aliyetulinda mpaka mwezi huu, ingawa mgao umepungua na wengi wetu tunalala mapema ili kusahau njaa. Leo ninalo neno ambalo limeninyima usingizi kwa wiki tatu. Naliandika kwanza kwa ajili yangu mwenyewe, kisha kwa wazee wa kanisa, kisha kwenu nyote.

ZAKARIA NA MAJIRANI ZAKE

Habari mnaijua. Elisabeti amejifungua mtoto wa kiume katika uzee wake. Siku ya nane majirani na ndugu wamejaa nyumbani kwa ajili ya tohara, nao wamekwisha kumchagulia mtoto jina: aitwe Zakaria kama baba yake. Mama anakataa, anasema mtoto ni Yohana. Wanambishia, kwamba katika ukoo wake hakuna mtu wa jina hilo. Ndipo wanamgeukia baba.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapa. Zakaria alikuwa nyumbani mwake muda wote huo. Mtoto ni wake na karamu ni yake. Lakini kwa kuwa amekaa miezi mingi bila kusema, watu wamezoea kupanga mambo bila yeye. Hawakumchukia, walimzoea tu. Mtu asiyesema huzoeleka kama kiti cha nyumba.

Tena angalieni walivyomwuliza. Biblia inasema walimwashiria kwa mikono. Na Zakaria mwenyewe akaomba kibao. Zamani zile kibao kilikuwa kipande cha mti kilichopakwa nta, mtu akikwaruza herufi juu yake. Wakampa, akaandika kwamba jina la mtoto ni Yohana, na watu wote wakastaajabu.

Ninawaomba mshike jambo moja katika habari hii, maana ndilo neno langu lote la leo: Zakaria alikuwa na la kusema kabla hajapewa kibao. Kibao hakikumpa akili wala imani. Vilikuwamo tayari. Kibao kiliwapa majirani nafasi ya kuvisikia.

BINTI TULIYEMZOEA

Katika kanisa letu yuko binti mmoja. Nilimwuliza kama nitaje jina lake katika gazeti. Akafumba macho, na kwake kufumba macho ni hapana. Nikamwuliza kama nisimulie habari yake bila jina. Akainua macho juu. Basi nasimulia.

Alizaliwa mwaka 2008, vita vya Rutshuru vilipowatoa watu majumbani. Mama yake alishikwa na uchungu njiani. Uchungu ulidumu mchana na usiku, hapakuwa na mkunga, na mtoto alipotoka hakulia. Alilia baadaye, wakati wanawake waliokuwapo wamekwisha kukata tamaa. Mama akamshukuru Mungu. Lakini miezi ilipopita shingo haikukaza, mikono ilijikunja, na maneno hayakuja.

Mimi nimeingia nyumba ile kwa miaka minne. Namsalimu mama, nawasalimu watoto wengine, kisha namwuliza mama, "Huyu naye anaendeleaje?" Huyu yupo pale, ananitazama, nami namwuliza mtu mwingine habari zake. Mara mbili nilikwenda na kikundi cha maombi. Tulimzunguka, tukapaza sauti, tukamkemea pepo bubu. Akatokwa na machozi. Tukasema Bwana anafanya kazi. Leo najua kwa nini alilia, na ninaona haya.

Aliyemgundua si mimi mchungaji wenu. Ni mdogo wake wa kiume. Usiku mmoja mtoto huyo alikuwa akisoma kitabu cha shule kwa mwanga wa tochi. Akakosea neno, dada yake akacheka. Akalirudia vile vile, dada akacheka tena. Akalisoma sawasawa, dada akanyamaza. Ndipo mtoto akafahamu kwamba dada yake anajua kusoma. Kumbe miaka yote ile, akiwa ameketi mkekani nyuma ya madaftari ya wadogo zake, alikuwa darasani.

Wakakata boksi la karatasi, wakaandika herufi kwa makaa. Mdogo anapitisha kidole juu ya mistari, dada anainua macho mstari unapofika, kisha herufi inapofika. Baadaye mama mmoja anayehudumia watoto wenye ulemavu akawaelekeza zaidi. Kijana wa kwaya akatoa kompyuta yake ya zamani, na fundi seremala wetu akatoboa matundu katika kipande cha plaiwudi, tundu moja juu ya kila herufi. Mkono wa kushoto wa binti hurukaruka bila yeye kutaka, lakini akiulaza juu ya plaiwudi hutulia, na kidole kimoja hushuka katika tundu moja.

Sasa sikieni kosa letu. Mama yake alikuja kumwandikisha katika darasa la ubatizo. Sisi wazee tulikaa, tukasoma Warumi 10, tukasema kwamba mtu hukiri kwa kinywa, na huyu hana kinywa cha kukiri. Tukaamua awekewe mikono na kubarikiwa kama mtoto mdogo. Nami niliinua mkono pamoja nao.

Alhamisi iliyofuata, jioni, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe mfupi: "Mchungaji nimeamini zamani. Nataka ubatizo. Hukuniuliza."

Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa kwamba maneno hayo yalimchukua dakika 40.

UGONJWA HUU NI NINI

Wapendwa, usilolijua ni usiku wa giza. Hali hii huitwa mtindio wa ubongo. Ni madhara yaliyoupata ubongo ungali mchanga: mtoto akiwa tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza. Huweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati uchungu unapokawia, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano makali ya mtoto mchanga yasiyotibiwa, au homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Hauambukizi. Si uchawi, wala si laana ya ukoo. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Zakaria alifungwa ulimi kwa sababu hakuamini, lakini mtu asichukue habari hiyo kumpigia binti huyu. Yeye aliamini akiwa hasemi.

Tena jueni kwamba ubongo una sehemu nyingi. Sehemu inayoongoza misuli ikidhurika, mikono, miguu, midomo na ulimi havitii. Yule anayemwaga mate na kutoa sauti isiyoeleweka anaweza kuwa anaelewa kila neno tunalosema mbele yake. Wako walio na uzito wa kuelewa pia, nao ni watoto wa Mungu wanaostahili kuulizwa kwa namna wanayoweza. Lakini huwezi kupima akili ya mtu kwa kutazama midomo yake.

Yuko mtu mmoja wa Ireland aliyeitwa Christy Brown. Alizaliwa Dublin mwaka 1932, baba yake akiwa mwashi. Waganga walimwambia mama yake kwamba mtoto hana akili, asitarajie kitu kwake. Mama alikataa neno hilo, akaendelea kumsomea na kusema naye. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, dada yake akiandika kwa chaki, mtoto alinyoosha mguu wa kushoto akaichukua chaki kwa vidole vya mguu. Mama akapiga magoti sakafuni, akamchorea herufi A. Kwa mguu huo alijifunza kuandika, na mwaka 1954 alitoa kitabu cha maisha yake, nacho kikasomwa nchi nyingi. Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa maskini, yenye watoto wengi. Tofauti ilikuwa mama aliyeamini kwamba ndani yupo mtu.

KIBAO CHA SIKU HIZI

Mungu amewapa wanadamu maarifa, na kibao cha siku hizi ni kompyuta na simu. Nimejifunza mambo kadhaa kwa wanaojua kazi hii, nami nawapa.

Asiyeweza kutumia vidole huwekewa kitufe kimoja kikubwa. Herufi huwaka mstari baada ya mstari kwenye kioo, naye hubonyeza wakati ufaao kwa goti, kwa kichwa, kwa kiwiko, kwa sehemu yoyote inayomtii. Asiyeweza hata hilo anaweza kutumia macho. Ziko kamera zinazofuata macho na kujua anatazama herufi gani. Hizo ni ghali, lakini kazi hiyo hiyo hufanywa na kipande cha plastiki ing'aayo chenye herufi, kikiinuliwa kati ya watu wawili. Mwaka 2018 mvulana wa Uingereza, Jonathan Bryan, mwenye mtindio mkali wa ubongo, alitoa kitabu alichokiandika kwa kutazama herufi moja moja kwa macho yake.

Zipo pia programu za picha kwa wasiojua kusoma: picha ya maji, ya chakula, ya maumivu, ya choo, na mtu akigusa, simu inasema. Zipo programu za bure zinazosoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Sauti yake ni kama ya mashine, lakini maneno ni ya mwenyewe. Na programu nyingi hukisia neno baada ya herufi mbili au tatu, hivyo mwenye mkono mzito hupunguziwa kazi.

Nayo intaneti ina faida ambayo sikuifikiria. Tukiongea uso kwa uso, sisi wenye ulimi mwepesi tunamkatiza mwenye kuchelewa, tunammalizia sentensi, tunatazama mate yake badala ya kusikia neno lake. Lakini ujumbe ukifika kwenye simu, unafika mzima. Hakuna aliyemkatiza. Aliyeandika kwa dakika 40 na aliyeandika kwa dakika moja maneno yao yanasimama sawasawa. Binti yetu sasa anaandikiana na shangazi yake aliye Bukavu, ambaye kwa miaka yote alimjua kwa kuambiwa tu kwamba "yupo".

Nchi hii inayotuhifadhi, Uganda, ilithibitisha mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo unazitambua njia hizi za kuwasiliana, unasema pia kwamba mtu ana haki ya kutoa maoni yake kwa njia anayoiweza. Ni aibu serikali za dunia zikubali jambo ambalo kanisa linalikataa.

"LAKINI IMEANDIKWA KUKIRI KWA KINYWA"

Najua swali hili litaulizwa, maana mimi mwenyewe niliuliza. Wapendwa, ni nani aliyewafundisha Warumi habari ya kukiri kwa kinywa? Ni Paulo. Na walimsikiaje? Paulo hakuwa Rumi. Alituma barua. Tena barua yenyewe hakuishika kalamu. Someni Warumi 16:22, mtamwona Tertio akisalimu, kwamba ndiye aliyeiandika. Basi Warumi walipokea ukiri wa Paulo kwa mkono wa mtu mwingine na kwa maandishi, wala hakuna aliyesema, "Hatukubali, mpaka tumsikie kwa kinywa chake."

Musa alipojitetea kwamba ulimi wake ni mzito, Mungu hakumfuta katika kazi. Alimpa Haruni. Haruni akawa kinywa, lakini ujumbe ulibaki ule aliopewa Musa.

Na Zakaria alitii lini? Alitii alipoandika. Kinywa kilifunguka baadaye. Sisi tumekuwa tukimwambia binti huyu: kinywa kifunguke kwanza, ndipo tutakupokea. Tumegeuza habari nyuma mbele. Siachi kuombea uponyaji, kwa maana Mungu wetu anaweza. Lakini kumwombea mtu kinywa huku nikimnyima kibao kilichopo mkononi mwangu, hayo si maombi. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Mzee mmoja aliuliza swali la haki: tutajuaje kwamba si mdogo wake anayeandika? Namshukuru kwa kuuliza, kwa sababu wako watu duniani waliodanganyika kwa kushika mkono wa mlemavu na kuandika mawazo yao wenyewe bila kujua. Kwa hiyo nilikwenda, nikamwomba mdogo wake atoke nje. Nilimsomea binti habari ya Bartimayo kipofu, kisha nikamwuliza: Bwana alikuwa anaona kwamba mtu huyu ni kipofu, basi kwa nini alimwuliza anataka nini? Hakuna aliyemgusa mkono. Nilikaa nikisikiliza kuku nje na kidole kikishuka. Aliandika: "Ili aseme mwenyewe."

Nimehubiri habari ya Bartimayo mara nyingi. Sikuwahi kuliona hilo.

TUFANYE NINI

Kwanza, ukiingia nyumba yenye mtu asiyesema, msalimu yeye. Mwulize yeye. Tafuta ndiyo yake na hapana yake: macho, kidole, kichwa, sauti. Karibu kila mtu anayo. Anza na swali ambalo jibu lake unalijua, ili mjuane.

Pili, ngoja. Ukiuliza, hesabu kimya mpaka 20 kabla ya kusema tena. Usimmalizie neno. Majirani wa Zakaria walingoja mpaka akaandika, nasi tuna muda kuliko tunavyosema.

Tatu, usingoje kompyuta. Boksi la karatasi na makaa vinatosha kuanza. Mwandikie herufi, au mchoree picha za mambo ya kila siku. Na anayesaidia ashike ubao, asishike mkono.

Nne, mwenye simu ya kugusa isiyotumika, au kompyuta ya zamani, ailete kwa mashemasi. Wenye sola, mtoe nafasi moja ya kuchaji bila malipo kwa ajili ya kibao hiki. Betri ikiisha, binti huyu anakuwa bubu tena, na safari hii kwa sababu yetu.

Tano, akina mama wajawazito wasikae na uchungu nyumbani. Waende kituo cha afya mapema. Mtoto mchanga akiwa na macho ya njano, akikataa kunyonya au akipata degedege, msimkimbize kwangu kwanza. Mkimbizeni kwa mganga, nami nitawafuata huko nikiomba.

Sita, wazazi mliowaficha watoto ndani mkiogopa maneno ya watu, mimi ni mmoja wa watu wale. Nisameheni. Watoeni, tukae nao.

Jumamosi hii wazee tunakutana tena. Mimi nitasema wazi kwamba nilikosea, na nitaomba binti huyu aingie katika ubatizo ujao pamoja na wenzake. Siwezi kusema kwa niaba ya wazee wengine, nao wana dhamiri zao mbele za Mungu. Lakini nawaomba wasome Luka 1 kabla ya kuja, na wapite kwanza nyumbani kwake wamwulize. Wakikubali, siku ile nitamwuliza maswali yale yale tunayowauliza wote, naye atajibu kwa kidole chake na kompyuta itatusomea. Itachukua muda. Ibada itachelewa kwisha, jua litakuwa kali, watoto watalia. Tutangoja. Kisha watu wanne watambeba mpaka majini, kama wale wanne waliombeba rafiki yao mpaka juu ya paa.

Nilimwuliza pia kama ana neno kwa kanisa. Akaandika: "Waambie nasikia."

TUOMBE

Ee Mungu Baba, wewe unayejua neno kabla halijafika ulimini, utusamehe sisi tuliowazoea watoto wako wasiosema. Utusamehe kelele zetu. Utupe masikio yanayongoja. Wabariki akina mama wanaowabeba watoto mgongoni hata wakiwa wazito. Mbariki mdogo aliyesikia kicheko cha dada yake akakielewa. Uwaongoze wazee Jumamosi, na unianze mimi. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu, Amina.

Ndugu yenu katika kazi ya Bwana,
Mchungaji